Kihamba cha Eunike

Mzee Elisaria alikunja gazeti, akalipiga gotini. Benchi zima la kahawa pale Kiboriloni likamgeukia.

"Mmesikia? Tajiri alikufa mjini, watoto wakagombea urithi, korti ikatia nyumba yake lakiri. Huu mwaka wa tatu watoto wanalala kwa jirani, ndani wamerithi panya!"

"Panya hawadaiwi mashahidi," alisema Fikirini mchinjaji, aliyeitwa Jaji kwa kuhukumu hata kesi ambazo hakuulizwa.

"Ndiyo maana mimi yangu nimeyamaliza jana." Elisaria akajiweka sawa kwenye koti lake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na hakuna asiyejua jinsi mdogo wake Sirili alivyokimezea mate kile kihamba chake, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba. "Nimeita ukoo, nimewanywesha pombe ya mbege, nikapanda masale mpakani kuwa alama, wote wakiona. Kihamba ni cha binti yangu Eunike."

Jaji alipaliwa na kahawa. "Binti? Na Sirili akakubali?"

"Alikunywa kata tatu. Atakanaje, na tumbo lake lilikuwa shahidi?"

"Mzee wangu," akadakia Zaidi fundi cherehani, ambaye kwa ulimi wake walimwita Sindano, "kwetu Waislamu hiyo ni hiba. Lakini hiba sharti ukabidhi. Ukitoa mbuzi ukabaki umeshika kamba, hujatoa."

"Nimekabidhi, mwanangu! Shamba, ng'ombe, funguo, mpaka kigoda ninachokalia. Sikuacha hata kijiko cha kwenda kugombewa kortini."

"Na wewe unalala wapi?"

"Kwa Eunike. Mimi sasa ni mgeni wake wa heshima."

Kicheko hakijaisha, Eunike mwenyewe akatokea, panga begani, nyuma yake vibarua wawili.

"Shikamooni, wazee. Baba, nimepita kukuarifu tu. Ile migomba ya ndizi za mbege naing'oa leo. Napanda kahawa."

Elisaria alisimama kama aliyekalia siafu. "Unang'oa mbege yangu? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye kihamba, baba."

Akaenda zake na vibarua wake. Mzee akatafuta fimbo.

"Nakwenda kortini! Leo hii hii!"

"Kaa, mzee, umalizie kahawa," alisema Jaji, akimvuta koti. "Kesi za urithi zina sharti moja. Watakurudisha nyumbani, ukafe kwanza."