Printa ya Tajiri Sukumaran

Jumanne, 17 Oktoba

Karani ametuacha. Amepata kazi Dubai, kaondoka na kikombe chake cha chai. Ameacha sanduku la printa ambalo halijafunguliwa, na kiti kitupu chini ya feni.

Tajiri Sukumaran katukusanya jioni, kabla ya mvua. Kasema wenye jengo wametoa amri. Kuanzia Jumatano ijayo hakuna kibarua atakayepita getini bila pasi iliyochapwa, yenye picha na mhuri. Asiye na pasi atabaki nje, na siku yake imekufa. Kauliza nani anajua kuunganisha printa na kompyuta. Atakayeiunganisha na kutoa pasi za watu wote atarithi kiti cha karani.

Nimenyoosha mkono. Sijawahi kuunganisha printa. Nimewahi kufagia duka la binamu yangu lenye printa, kule kwetu Odisha, mbali na huku Kerala, kusini mwa India. Goti langu la kushoto limebeba saruji hadi ghorofa ya tisa, na la kulia linataka kugoma kwa kumhurumia mwenzake. Kile kiti nakitaka.

Habibur, fundi vigae kutoka Murshidabad, ambaye tunalala chumba kimoja, kacheka hadi kakohoa. Kasema, "Dibakar bwana, wewe hata kofia ya mjengo unaivaa nyuma mbele." Wivu.

Jumatano, 18 Oktoba

Siku ya kwanza chini ya feni. Feni ni nzuri.

Nimefungua sanduku. Printa nyeupe, imevikwa plastiki na kubandikwa karatasi za rangi ya chungwa kila upande. Karatasi zina Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba. Herufi nazijua zote, zikikaa pamoja ndipo tunapokosana. Sikubandua hata moja. Tajiri ana gari la miaka minne, na viti vyake bado vimo ndani ya plastiki ya dukani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumvulia vitu vyake nguo.

Kuna waya wa umeme. Huo nimeuchomeka, taa ikawaka. Kuna waya mwingine mfupi, ncha moja bapa, ncha moja ya mraba. Ile bapa nimeisukuma nyuma ya kompyuta, tundu hadi tundu, mpaka moja likaipokea. Ile ya mraba imekosa pa kuingia. Nimeizunguka printa yote, nimeipindua, nimeipapasa kama mbuzi anayetafutwa kupe. Hakuna tundu.

Nikakaa nikafikiri. Waya unaotoka kwenye mashine na ncha yake haina pa kwenda, kila mtu wa mjengo anaujua. Huo ni waya wa ethi, wa kupeleka umeme mbaya ardhini. Nimetwaa kopo tupu la rangi, nikatia mkaa, chumvi na mchanga wenye maji, kama tunavyofanya kwenye majengo, nikaifukia ncha ya mraba humo.

Tajiri kapita. Kaliona kopo, kasimama, katikisa kichwa kwa heshima. Kasema yule karani hakuwahi kufikiria usalama.

Alhamisi, 19 Oktoba

Printa haichapi.

Nimeandaa pasi ya majaribio. Picha yangu ile ya studio, nywele zina mafuta, shingoni tai ya kukodi. Chini nimeandika Dibakar Nayak, Meneja. Cheo ni cha majaribio pia. Nikabonyeza pa kuchapa. Kompyuta ikaandika jambo. Nikabonyeza tena. Ikaandika jambo lile lile. Nimebonyeza hivyo hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula nikaendelea. Hata ng'ombe wetu nyumbani hatoi maziwa kwa kuvutwa mara moja.

Habibur kaja dirishani na vumbi lake la vigae. Kauliza, "Injinia, naona waya umeupa chumvi. Na pilipili je?"

Nimemjibu kwamba mambo ya ethi hayamhusu mtu wa vigae. Kasema shemeji yake ana duka la picha, na waya wa printa yake haujawahi kula mkaa, una tundu lake. Nimefunga dirisha.

Jioni tajiri kauliza kulikoni. Nimemwambia mashine mpya lazima ipate joto kwanza, siku kadhaa. Kakubali mara moja. Zege nalo hunyweshwa maji wiki nzima kabla ya kubebeshwa mzigo. Ukitaka kumdanganya mjenzi, mdanganye kwa ujenzi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Tajiri anataka kuona pasi moja. Moja tu, yenye uso wake.

Nimesema naam, dakika chache. Nikatoka mlango wa nyuma hadi duka la fotokopi la njia panda, nikachapisha pale kwa pesa yangu. Nimeirudisha ndani ya shati ikiwa bado ina joto. Nikakaa kitini, nikapangusa jasho, nikamwita.

Kaishika kwa ncha za vidole. Kasema uso umetoka vizuri kuliko wenyewe. Kasema anaipeleka nyumbani kumwonyesha mama yake.

Ushindi. Haukufika hata mlangoni. Kageuka akasema kama mashine imeshapata joto, basi zote ziwe tayari Jumapili. Kambi nzima ya vibarua. Kuzichapisha zote njia panda, mfuko wangu haufiki hata robo. Goti la kulia limesikia habari hizo, likaanza kuuma huku limekaa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimepata njia.

Kesho jioni watu wa huku wataweka vitabu na vifaa vyao vya kazi mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Vikishawekwa hapo hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna kuvigusa, hadi asubuhi ya Vijayadashami, kilele cha sikukuu yenyewe. Mwaka huu ni Jumanne.

Nimemkuta Amma, mama yake tajiri, akimenya muhogo nyuma ya nyumba. Nimemuuliza kwa unyenyekevu kama kweli huku Kerala mashine mpya ya kuandika huanza kazi kabla haijapelekwa mbele ya Saraswati. Nimemwambia sisi kwetu tungeogopa.

Kisu kikasimama. Kamwita mwanawe. Tajiri wa kambi nzima, tumbo mbele, kaja kusimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Kajaribu kusema habari za amri ya geti. Amma kasema, "Sukumaran, hao wenye jengo ndio walionifunza mimi kumlea wewe?"

Printa inakwenda kwenye ibada. Hakuna kuchapa hadi Jumanne.

Habibur kanipongeza wakati wa kula. Kasema, "Safi, Injinia. Na Jumanne ikifika utaiweka wapi, msikitini kwetu?"

Siku tatu ni nyingi. Mtu anaweza kufa. Au wenye jengo.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimeibeba printa kichwani hadi kwa Amma. Imewekwa kati ya vitabu vya wajukuu na drili ya tajiri, jirani na pimamaji na funguo za gari. Nilitaka kupeleka na waya pamoja na kopo lake. Amma kanusa kopo, kasema hilo libaki huko huko lilikotoka.

Kisha kaziona karatasi za chungwa. Kasema mungu hatazami kitu kilichojaa plasta kama mgonjwa. Nimemwambia tajiri hapendi vitu vyake vivuliwe. Kasema huyo tajiri ni yeye mama aliyekuwa akimvua na kumvalisha utotoni. Kaanza kubandua. Sikukaa kuona, niliwahi parota, chapati zao za tabaka, kabla hazijaisha.

Jumatatu, 23 Oktoba

Leo ni haramu kuandika. Naandika kwa penseli. Nadhani penseli haihesabiki.

Hakuna kazi. Mvua. Nimekwenda kwa Amma kumsaidia kukuna nazi, kwa vile nilisikia harufu ya payasam, ule uji wao wa maziwa na sukari guru. Nikachungulia chumba cha ibada. Printa imepakwa liwa kwenye paji la uso. Imevishwa shada la asumini. Na mgongoni mwake kimechomekwa kijiti cha udi, kinafuka.

Kimechomekwa kwenye tundu. Tundu la mraba.

Nimesimama pale hadi nazi ikakunwa na mtu mwingine. Nikamuuliza Amma tundu lile limetoka wapi. Kasema lilikuwa chini ya karatasi ya chungwa. Kasema watengenezaji wa siku hizi wamefikiria kila kitu, hata pa kuweka udi.

Kwa hiyo si ethi.

Nimekimbia kwenye mvua hadi ofisini, nikaung'oa waya kwenye kopo. Ncha ya mraba imeota kutu ya kijani, kama sanamu ya kale. Nimeisugua kwa mafuta ya taa na mswaki. Mswaki ni wa Habibur. Kimetoka kipande kidogo cha chuma. Sijui kama kilikuwa cha lazima.

Jumanne, 24 Oktoba

Asubuhi watoto wadogo wa mtaa wameletwa kwa Amma kuandika herufi zao za kwanza kwenye sinia la mchele. Nilikuwa nimesimama karibu na printa, nangoja kuibeba. Amma kanishika kidole. Nimemwambia, "Amma, mimi nina watoto wanaoandika." Kasema mchele hauulizi umri. Kakiongoza kidole changu kwenye herufi zao za mviringo ambazo sizijui. Mkono wake mkavu, mwepesi. Nikamkumbuka mama yangu. Kisha nikaikumbuka printa.

Ofisini waya umegoma. Tundu limejaa majivu, ncha imelegea. Tajiri kasimama nyuma yangu. Mlangoni wamejaa watu wa kambi, wamenyoa, wamechana nywele kwa ajili ya picha zao. Nimesema mashine bado ni nzito kwa baraka. Hakucheka mtu. Mmoja kauliza polepole kama kesho tutakaa nje. Sikugeuka kuona ni nani.

Habibur kapenya katikati yao na waya mpya. Kapuliza majivu. Kachomeka ncha ya mraba. Kazunguka nyuma ya kompyuta, kachomoa ncha bapa niliyoichomeka mimi, kanionyesha tundu lake. "Injinia, hili ni la waya wa intaneti. Lako ni hili jembamba la pembeni." Kachomeka. Kompyuta ikalia kidogo, kama iliyofinywa.

Nimemuuliza kwa nini hakusema tangu Alhamisi. Kasema, "Nilisema. Ukafunga dirisha."

Printa ikakohoa, ikatoa pasi. Yangu. Ikatoa nyingine. Yangu. Kumbe kila nilipobonyeza ilikuwa imepangwa foleni, inangoja waya. Nikatoka na tai yangu, nikatoka tena, Meneja, Meneja, Meneja, karatasi juu ya karatasi. Tajiri kaokota moja. Kasoma cheo. Kaiweka mezani. Habibur kazima printa. Alipoiwasha, ikaendelea ilipoishia. Imekuja kunyamaza karatasi zilipokwisha. Duka la njia panda limefungwa kwa sikukuu.

Tajiri kafikiri. Kasema mlinzi wa geti anaangalia mhuri, uso anaangalia nani. Kakata jina langu kwa kalamu kwenye kila pasi, kaandika juu yake jina la mwenye kupewa, kapiga mhuri. Nyuso sahihi zitachapwa karatasi zikinunuliwa.

Kiti kampa Habibur. Mimi nimepewa mkasi wa kukatia pasi, na baada ya mkasi, saruji.

Habibur kakaa, kajizungusha mara moja. Kasema kiti kinauma mgongo. Hivyo ndivyo anavyokula na samaki wa mwenzake, akilalamikia miiba.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimegawa pasi getini. Watu wote wamepita. Wabengali, Waassam, Wanepali, wazee kwa vijana, kila mmoja kashika uso wangu wenye tai. Mlinzi ni mzee wa hapa hapa, mwenye masharubu. Kapokea kila pasi, kaitazama, kaugusa mhuri kwa kidole, kasema, "Pita, bhai." Wenyeji hutuita sote bhai, ndugu. Huwapunguzia kazi ya majina. Habibur naye kapita na uso wangu, kwenda kukalia kiti changu.

Mimi nikawa wa mwisho. Mlinzi kaitazama pasi. Kanitazama mimi. Sijanyoa siku kadhaa, na shati lina masizi. Kaitazama tena pasi. Kasema, "Hii si yako."

Nimemwambia hii ndiyo pasi pekee ya kweli iliyopita hapa leo. Kasema huo uso ameuona ukipita asubuhi nzima, anaufahamu vizuri sana, na si wangu.

Nimebaki nje. Siku imekufa. Magoti yote mawili yameshukuru.

Adhuhuri mlinzi kanionea huruma. Kanipa nusu ya wali wake wa punje nene, mchuzi wa samaki, na kigoda cha kukalia. Kando ya kibanda chake nimeona sanduku jipya. Ni kamera ya geti. Iko hapo tangu mwezi uliopita, wenye jengo hawajaleta mtu wa kuifunga. Kaniuliza, bila matumaini, kama namjua fundi wa kamera.

Nimemwambia kamera nimefunga nyingi, hasa za viwanja vya ndege. Kafurahi. Kasema basi kesho mapema atatafuta ngazi. Nimemwambia ngazi haina haraka. Kwanza anitafutie kiti chenye mgongo.