Neno na Kitu Chake

Jumatatu, 5 Machi 1951
Wazee wa kanisa wamekata shauri. Ijumaa mfanyabiashara Mohamednoor atapanda hadi hapa Gesima kutoka dukani kwake Keroka, azungumze Kiswahili na wanafunzi wa mwalimu mwenzangu Thadeus, kisha na wangu. Watakaomjibu vizuri zaidi, mwalimu wao apewe darasa la jioni. Mwalimu mwingine abaki nyumbani. Nyumbani kwangu jioni hakuna mtu tangu nimzike mke wangu Kemuma. Lazima nishinde.

Thadeus huandika maneno ubaoni, watu wakayaimba mpaka wasinzie. Mimi nitafundisha neno pamoja na kitu chake. Kemuma alijifunza hivyo jikoni: nilimnyima chumvi mpaka aitaje. Siku moja alikasirika, akaniita mimi Chumvi. Jina likakaa.

Jumanne, 6 Machi
Somo la viungo vya mwili. Akili yangu hii! Kila mtu amguse jirani yake na kutaja. Nikamwambia Persis aanze na mzee aliyeketi karibu naye: sikio, bega, tumbo, paja.

Mzee huyo ni Machogu, baba wa mume wake! Kwetu Wagusii, hao hata mkono hawapeani. Persis akatoka kwa dirisha. Machogu akatoka kwa mlango, darasa zima nyuma yake, akiuliza kama mwalimu huyu alizaliwa na watu. Mila naijua, nimekulia hapa. Nilidhani kwa Kiswahili haihesabiki.

Thadeus alikuwa nje. Alinipa pole huku meno yote yakionekana.

Jumatano, 7 Machi
Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Machogu alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Akasema atarudi, ila Persis akae upande wa pili, na mimi nisitaje paja tena maishani mwangu. Nimekubali haraka.

Alhamisi, 8 Machi
Wamerudi! Wanawake kushoto, wanaume kulia. Walipofumba macho kusali, nikaficha mali yao yote. Vikapu, miavuli, fimbo. Anayetaka chake akitaje kwa Kiswahili, na aseme kilivyo.

Kelele! Machogu alinisukuma mpaka ukutani. "Fimbo yangu! Ndefu, nyeusi! Wewe mwizi!" Neno mwizi sikumfundisha mimi. Nilimpa fimbo, nikakaa mbali nayo.

Ijumaa, 9 Machi
USHINDI!

Wanafunzi wa Thadeus waliimba siku, miezi na wanyama bila kukosea. Mohamednoor akapiga makofi, kisha akamuuliza mmoja wao ametoka wapi. Akajibu, twiga.

Zamu yetu. Mohamednoor akakunjua shuka. Persis akaivuta huku na huku. "Hii imechakaa, baba. Nipe ile nyekundu unayoficha chini." Mohamednoor akaapa hafichi kitu. Machogu, macho yake darini asimtazame Persis, akanguruma, "Anaificha! Mwizi!"

Mohamednoor alicheka mpaka akaketi. Akawaambia wazee kwamba hawa wakishuka Keroka, yeye atafunga duka. Darasa ni langu! Thadeus akasema wanafunzi wangu hawana adabu. Nikamjibu kwamba maneno wanayo.

Nilipofika nyumbani, nilitaja kila kitu cha jikoni kwa sauti. Chumvi nikaitaja mara mbili.

Jumapili, 11 Machi
Somo la wiki hii: vitu vya nyumbani. Nimejifunza, safari hii hakuna kugusana! Darasa zima litaenda nyumbani kwa Persis, tuingie hadi chumbani, na Mzee Machogu apande juu ya kitanda cha Persis na kutangaza, "Hiki ni kitanda!"

Leo nimempelekea Persis habari. Alijifunika uso kwa mikono miwili. Sijaona mwanafunzi aliyefurahi namna ile.