Mama Mkwe Hajapasuliwa

Leo nimeaibika, jamani, tena mbele ya jumuiya nzima.

Mbwa wetu, Popi, alikuwa anachechemea tangu masika. Mimi, bingwa wa kujua kila kitu, nikasema ameteguka. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, wiki baada ya wiki. Juzi daktari wa mifugo akampapasa kwapani, Popi akalia. Kumbe ni uvimbe kwenye mishipa ya fahamu.

"Tuukate mguu," akasema, "kabla uvimbe haujafika uti wa mgongo."

Popi alikuwa wa marehemu mke wangu. Alimkuza kwa maziwa ya kijiko. Ningekataaje?

Leo asubuhi nikamwomba ruhusa msimamizi wangu pale kiwanda cha chai. Nani angeniruhusu kwa ajili ya mbwa? Nikadanganya: "Mama mkwe anapasuliwa leo Lushoto." (Mama mkwe ninaishi naye. Ananizidi nguvu.) Akanipa pole na siku nzima. Nikampakia Popi kwenye bodaboda, ndani ya gunia, kichwa nje.

Saa sita daktari akaniita ndani. Popi kalala kwa dawa, bega limefunguliwa.

"Uvimbe umefuata mshipa mpaka uti wa mgongo. Siwezi kuumaliza. Nikimwamsha, ataamkia maumivu."

"Basi usimwamshe."

Nikamshika sikio mpaka mwisho. Nilikuwa nayawaza yale maji ya chumvi.

Jioni nafika nyumbani na mnyororo wa Popi mkononi, nasikia nyimbo za kanisani. Sebule imejaa! Msimamizi kawaambia wanajumuiya, nao wamekuja kumwombea mgonjwa, tena na chupa ya uji. Katikati yao kakaa mama mkwe, kanuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia nimepasuliwa."

Nikatafuta uongo mwingine, sikuupata. Nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka makamasi.

"Ni Popi, mama. Amekufa. Ningempeleka mapema..."

Mwenyekiti wa jumuiya akakohoa. Mzee mmoja akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yakimcheza. (Nimekuona, mzee.)

Mama mkwe akasimama. Nikajua sasa nachapwa. Akauchukua ule mnyororo, akaushika kwa mikono miwili.

"Mwanangu alimpenda sana huyu mbwa," akasema, naye akaanza kulia.

Wakatuombea wote wawili, uji wa mgonjwa nikanywa mimi.

Wenye kicheko, naomba mkiweke mpaka kesho. Leo kwetu kuna msiba.