Semina ya Nyuki Imegoma Kuingia

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Semina ya mtandaoni ya kikundi chetu cha wafuga nyuki jana ilifana. Mwalimu alikuwa Morogoro, sisi huku kijijini Daa, Karatu, kila mwanachama na simu yake. Mimi, katibu, niliongoza mitambo kwa kompyuta ya kikundi, ambayo hukaa kwangu kwa sababu mimi ni katibu. Nilifungua kwa shukrani. Nilifunga kwa kumsifu mwenyekiti, Mama Rozalia: uongozi wake, uvumilivu wake, hata makande yake ya vikao. Betri ikazima mara tu baada ya amina. Kila kitu kwa mpangilio.

Leo asubuhi Marsela, mke wangu, kaniharibia chai. Anasema katikati ya semina, mwalimu alipoinuka kutafuta chaja, alinisikia nikiongea kwa simu na binamu yangu Modest. Alinisikia mara mbili: kupitia ukuta, na kupitia simu yake yenye semina. Kumbe nilizima kamera, kipaza sauti nikakiacha wazi. Na Modest yuko Malambo, mtandao wa kule ni wa kusuasua. Ilibidi nipaze sauti.

Nilichosema, kwa kumbukumbu tu: kwamba maharage ya Mama Rozalia ni magumu kiasi kwamba ukitupa moja kwenye mzinga, nyuki wanahama. Kwamba Mzee Clemensi, mweka hazina, hulala kikao kizima na kuamka sahani zikigongana. Kwamba Benson, aliyewahi kufua mashuka kwenye loji, huvaa kofia ya mwongoza watalii wakati hajawahi kuongoza hata mbuzi.

Nimetafakari kwa utulivu. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Kwa hiyo hakuna aliyesikia. Marsela alisikia kwa sababu alikuwa karibu.

Tatizo ni rekodi. Jumamosi itaonyeshwa ukumbini kwenye mkutano mkuu, kwa ajili ya walioishiwa bando. Baada yake, uchaguzi. Benson anautaka ukatibu wangu!

Dawa ni kuikata. Marsela anashauri nikaombe msamaha. Msamaha wa nini, kwa watu ambao hawakusikia?

Tahadhari: nimebonyeza kile kitufe cha kompyuta chenye alama ya spika iliyopigwa mstari. Haitanitangaza tena.

Jumanne, 9 Julai

Nimepakua programu ya kuhariri video. Imekula bando la wiki nzima. Nikaingiza rekodi. Imekataa. Inasema haitambui faili hili.

Nikachunguza. Video ya harusi ya shemeji ina herufi fulani mkiani mwa jina. Rekodi yangu ina mkia mwingine. Nikafuta mkia wangu, nikaandika wa harusi. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nina hakika! Nikaingiza. Imekataa. Nikajaribu mkia mwingine. Imekataa. Nikaliita faili "Video Kamili ya Kweli". Imekataa. Marsela akapita na ndoo, akasema hata mbuzi ukimwita ng'ombe hatoi maziwa ya ng'ombe. Ni mwanachama wa kawaida, hana mafunzo ya mitambo.

Jioni nilikutana na Mzee Clemensi kwenye njia ya mashamba ya mbaazi. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema, "Niko macho, katibu. Macho kabisa." Afya yake inaendelea vizuri. Nimefurahi.

Jumatano, 10 Julai

Karatu mjini kwa bodaboda. Vumbi la magari ya watalii yanayopanda kreta limenigeuza rangi. Nimekwenda kwa Inosenti, mtengenezaji wa video za harusi nyuma ya stendi. Kijana mwenye maneno.

Akaangalia faili, akacheka mpaka akaweka chini kikombe. "Katibu, umeniletea masega, unaniambia ni asali."

Anadai programu ya semina hurekodi kwanza mali ghafi, kisha semina ikifungwa vizuri ndipo huigeuza kuwa video. Betri yangu ilizima kabla sijaifunga. Nilimwambia nilikuwa najua. Akaniuliza, kama najua, kwa nini faili linaitwa "Video Kamili ya Kweli". Akarudisha mkia wa zamani, akalifungua kwenye programu ileile ya semina, akaiamuru imalizie kazi. Imemalizia!

Akataka kuicheza ahakikishe. Nikafunga kompyuta haraka, karibu nimbane vidole. Nikamwambia ni siri za kitaalamu. Akauliza, siri za nyuki? Nimempa ujira wake, chupa ya asali, nikaondoka.

Alhamisi, 11 Julai

Imeingia! Nyuso zote, kila mtu kwenye kisanduku chake. Benson na kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini haina sauti. Nimecheza mwanzo, kati na mwisho. Kimya. Inosenti kazi yake nusunusu, lazima sauti ilimwagikia kule stendi.

Nilisikitika. Kisha nikafurahi. Picha bila sauti inahitaji mtu wa kuieleza. Nani? Katibu! Nitasimama mbele ya mkutano na kueleza mwalimu alisema nini, na pale ambapo hakunitaja nitamsaidia.

Mchana Mama Rozalia alifika mwenyewe. Akasema Jumamosi makande nipike mimi, kwa kuwa maharage yake yamechosha meno ya watu. Alitabasamu. Hii ni heshima kubwa. Mgombea anayelisha wapiga kura hashindwi. Nilipomweleza Marsela alikwenda kukamua ng'ombe, ingawa alikuwa ameshakamuliwa.

Ijumaa, 12 Julai

Kazi ya kukata. Hata kama haina sauti, Benson ni mtu wa kuuliza pale ulikuwa unasema nini. Kwa hiyo kanuni: popote mdomo wangu unapocheza, kata. Ufunguzi, kata. Kumkaribisha mwalimu, kata. Kufunga, pale mwisho, mdomo ulikuwa umefunguka sana, unatia shaka. Kata.

Katikati kuna sehemu kisanduku changu ni cheusi, jina tu. Nimeiacha. Kisanduku cheusi hakina mdomo.

Nimesahau kuloweka maharage. Si neno. Moto ni moto.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa ufupi.

Ukumbi ulijaa. Shuka jeupe ukutani, spika kubwa za kwaya pembeni. Nikasimama mbele na fimbo ya kuelekezea. Picha ikaanza, nami nikaanza kueleza. Benson akauliza sauti iko wapi. Nikamfafanulia kwamba sauti ya kutoka Morogoro ni nzito, haisafiri na picha. Akainama juu ya kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, kile chenye alama ya spika.

Spika za kwaya!

Mwalimu akafundisha vizuri sana. Halafu akainuka kutafuta chaja. Kisanduku cheusi kikasema, kwa sauti yangu, kwa nguvu ya kufika Malambo, habari za maharage, usingizi na kofia. Yote. Katika semina nzima, hayo ndiyo maneno yangu pekee yaliyobaki.

Walioishiwa bando walicheka mpaka benchi likaanguka. Waliokuwa na bando hawakushtuka hata kidogo. Walikuwa wakinitazama mimi, si ukuta. Wakasubiri mwisho. Mwisho ulipofika, mwalimu akapunga mkono, picha ikazima.

Mama Rozalia akasimama taratibu. "Siku ile tulisikia mabaya, tukasikia na mazuri, tukasema ni ulimi tu, tumsamehe. Leo mabaya yapo. Mazuri umeyakata mwenyewe, katibu."

Nikatangaza chakula kabla ya kura. Kosa la kiufundi. Mzee Clemensi alitafuna harage moja kwa muda mrefu, akalitoa, akaliangalia kwenye kiganja. "Hebu leteni mzinga tujaribu," akasema.

Kura za mikono. Benson katibu. Nilimwona Marsela ameinua mkono upande wa Benson. Anasema alikuwa anafukuza nzi. Nzi, Julai, Daa!

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa Benson alikuja kuchukua kompyuta. Alivua kofia mlangoni, akasema pole, akaniambia kikundi kimenipa kazi ya kupuliza moshi wakati wa kurina asali. Nimepokea kwa heshima. Marsela anasema bado sijachelewa kwenda kwa Mama Rozalia. Nitafikiria, mambo yakitulia.

Nimechambua makosa ya wiki hii kwa utaratibu. La kwanza, Inosenti. La pili, Benson na vidole vyake. La tatu, kamera: laiti nisingeonekana popote, nisingekuwa na cha kukata.

Agosti kuna semina nyingine, kuhusu maadui wa nyuki. Benson ndiye ataongoza mitambo. Itakuwa vichekesho, na Modest ameomba nimsimulie kila kitu papo hapo. Nitaingia kwa simu ya Marsela. Kamera nimeshaibandika plasta, mbele na nyuma.

Mtu asiyeonekana, atasikikaje?