Sekunde Kumi na Moja za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Sauti bado imo masikioni: feni ya kompyuta ya Baba, ikitweta kama inapandishwa mlima. Macho yamemgomea Baba, nami nimemwandikia programu ya kumsomea barua za marehemu Mama. Ofisini husoma kila sentensi baada ya nusu sekunde. Kwa Baba, kimya cha sekunde kumi na moja! Dada, ambaye humsomea kila Jumapili, akauliza kwa upole kama nimeleta msomaji au bubu. Baba akasema tuiache ipumue. Aibu!

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa seva wa ofisini kanicheka. Eti msimbo ni uleule, ila huendeshwa na mashine pepe, yaani programu inayoutafsiria kompyuta msimbo, na mashine pepe hazilingani. Ya ofisini ikiona kazi inajirudia, huigeuza kuwa lugha ya kompyuta yenyewe, basi, imemaliza. Ya Baba ni ya zamani: hutafsiri kila mstari upya, kama mkalimani asiyekumbuka alichosema jana. Nimebeba mashine pepe mpya kwenye flashi. Dada atajuta.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiweka. Sentensi ya kwanza: sekunde tisa. Dada akakohoa. Kikohozi kile nakijua! Nikampigia fundi. Akasema hata mpya huamka baridi. Hadi irudie kazi mara nyingi ndipo huchangamka. Haraka haraka haina baraka, akaongeza. Nani kamwomba methali?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango! Nilifika kwa Baba alfajiri, nikaiwasha sebuleni ijisomee barua zote, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ilikuwa inateremka kama maji. Nusu sekunde! Na Baba kakaa mbele yake, shuka begani, mashavu yamelowa. Nikamwuliza kama mwendo unamfaa. Akasema, mwanangu, mama yako hakuwahi kuniambia jambo upesi hivi. Ile ya Jumatatu ilinipa nafasi ya kumwona akitafuta maneno. Kisha akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi kando yake, akauliza kama nina haraka ya kazini. Nikamwambia nimemwelewa kabisa, nikambusu kwenye paji la uso, nikakimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshaongeza mstari mmoja: subiri hadi zitimie sekunde kumi na moja kabla ya kila sentensi. Kamili, kwenye mashine pepe yoyote, baridi au moto. Nimekwisha kuiweka kwa Baba. Dada naye kasoma barua moja, nikampima kwa saa: yeye husubiri sekunde nne tu kati ya sentensi.