Sigara za Mchaichai Zilizoniacha Bila Koti

Jamani, leo nimerudi Kibirichia bila koti na bila heshima. Koti najua liliko.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimevuta sigara tangu chuoni. Wanja, ambaye Mungu akipenda atakuwa mke wangu, ni mtu wa Mbeere, kule chini kwenye joto. Mamake ni mama wa kanisa kwelikweli. Mara ya kwanza kuninusa aliniambia bila kupepesa macho: "Mwalimu, mimi nilizaa msichana aolewe na mtu. Sikumzaa aolewe na jiko ya kuni." Siku ya kuja kuposa, kama bado navuta, nisijisumbue hata kuketi.

Basi nikaacha tumbaku. Kabisa! Lakini mdomo ulikataa kukaa bure, kwa hiyo nikaanza kujitengenezea sigara za majani. (Msinihukumu bado. Nafasi mtapata.)

Nilianza na minti inayoota pale karibu na mfereji. Nikaikausha juu ya mabati, nikaisokota, nikavuta. Ilikuwa kama kuvuta dawa ya meno. Nikajaribu rosemari ya ua wa shule. Nyumba nzima ikanuka mbuzi choma, jirani akaja na chumvi yake mkononi. Alirudi nayo, na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Mwishowe nikapata mchaichai. Harufu tamu! Shida ni kwamba ukikauka unavunjika na kumwagika kifuani. Hapo nikakumbuka masega ya asali ambayo babake Wanja, mfugaji wa nyuki, alinitumia. Asali nilishakula zamani, nta ilikuwa imebaki. Nikaiyeyusha, nikaipaka majani, yakashikana vizuri sana. Nikasokota sigara kumi na mbili kwa karatasi za madaftari ya zamani ya darasa langu. Nilijiona mvumbuzi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuposa. Nikazifunga sigara zangu kwenye leso, nikazitia mfukoni mwa koti langu zito la sufu, tukashuka Mbeere na mjomba Mbaabu, ambaye ndiye msemaji wangu. Sasa, huku kwetu asubuhi mtu bila koti anaganda. Kule Mbeere saa tano, mtu mwenye koti anaiva. Hilo sikuliwaza.

"Vua hiyo koti, mwalimu, utaiva," Mama Wanja akasema, akalitundika kwenye msumari pale barazani, juani kabisa. (Nta na jua! Lakini mimi ni mtu wa viazi, ningejuaje?)

Babake Wanja alitupokea kwa kunong'ona. "Msiongee kwa nguvu. Kuna kundi ya nyuki imelala kwa ule mti tangu jana. Nimeiwekea mzinga mpya. Leo lazima iingie." Mzinga ulikuwa umening'inia pale karibu, mzee akiutazama kila baada ya neno.

Tukaketi sebuleni. Mjomba akaanza kazi yake. "Kijana wetu hana kasoro. Hanywi, havuti, hapigani."

"Havuti?" Mama Wanja akanigeukia.

"Mama, tumbaku haijagusa huu mdomo tangu muhula wa kwanza." (Kweli tupu. Hata mahakamani ningeapa.)

Wanja akanitazama kwa fahari mpaka nikaona aibu kidogo. Mamake akatabasamu! Akaniwekea paja la kuku kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua nimeoa.

Nyuki mmoja akapita mlangoni. Nikampungia mkono. Wakaja watatu, wakalizunguka koti na kuondoka haraka, kama watu walioenda kuita wenzao. Muda kidogo tukasikia mngurumo kutoka mtini.

"Imeamka!" Mzee akaruka kwa furaha.

Kundi likapita juu ya mzinga wake mpya. Halikusimama hata kusalimu. Likaja moja kwa moja barazani, likatua kwenye koti langu.

Sote chini ya meza! Mjomba alikuwa anasali kwa Kimeru huku bado ameshika kuku. Nje, koti lilikuwa limevimba, na mkono wake mmoja ulikuwa unatikisika wenyewe.

Mzee hakukimbia. Alilisogelea koti polepole, akanusa. "Hii ni nta na mchaichai. Si hii ndio sisi hupaka mzinga ndio nyuki ikuje? Nani amepaka koti dawa ya mzinga?" Akatia mkono mfukoni taratibu, katikati ya nyuki, akatoa leso. Akaifungua.

"Mzee, sijui hizo ni za nani," nikasema kutoka chini ya meza.

Akakunjua sigara moja. Akasoma kwa sauti: "'Umebahatisha. Rudia kazi yote.' Hii kalamu nyekundu ni ya nani, mwalimu?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ni yangu."

"Na hii kitu ni ya nini?"

"Ni ya... kuvuta."

Wanja akafumba macho. Mama Wanja, aliyekuwa amebanana nami chini ya meza hiyohiyo, akanigeukia polepole. "Kuvuta?"

"Si tumbaku, mama! Ni majani ya kutia kwenye chai tu!"

"Moshi ni moshi!"

Ningekimbia, lakini nyuki walikuwa mlangoni. Nusu saa nzima nilikaa chini ya meza, magoti yangu yakigusana na ya mama mkwe. Nilikuwa nimempoteza Wanja, na sikuweza hata kutoka nje nikalie.

Ndipo tukamsikia mzee akicheka peke yake barazani. Alicheka mpaka akakohoa. "Nimepaka mizinga tangu nikiwa kijana, sijaona mtu anajipaka kwa ndani! Mama Wanja, wengine wakikuja kuoa wanaleta asali. Huyu ameleta nyuki yenyewe."

Mama Wanja hakucheka. Alifikiria kwanza, kisha akatoa hukumu. "Koti ibaki. Siku tutarina asali kwa hiyo koti, akuje achukue jibu. Na akuje akinuka sabuni."

Sasa nimefika nyumbani natetemeka kwa baridi. Mchaichai wote nimempa ng'ombe. Wanja amenitumia ujumbe: nyuki wameshaanza kujenga kwenye mfuko wa ndani wa koti, mamake ameenda kuwachungulia mara mbili.

Kwa hiyo kesho mkiona mwalimu anafundisha akiwa amejifunga blanketi, tafadhali msimcheke. Anangoja nyuki wamwozeshe.