Wavu wa Dada

Jumatatu, 4 Machi

Nilikuwa wapi? Ehe, kwenye beseni. Jana mume wangu kanikatiza, anatafuta soksi. Basi, mnunuzi wa vyuma chakavu kanipa beseni jipya la waridi, nami nikampa wavu wa jiko la kuchomea nyama. Jiko si langu, la dada. Ndiyo mara ya kwanza kuniazima kitu, hata sindano, tangu tununiane miaka miwili iliyopita kwa sababu ya mdomo wangu. Wavu wenyewe kutu tupu, umebonyea katikati. Nitamnunulia mpya kabla hajaja Jumamosi na nyama. Atashangaa! Akili ninayo jamani.

Jumanne, 5 Machi

Dukani. Nyavu ukuta mzima! Za chuma kizito, nimenyanyua mmoja mgongo ukalia. Za waya mwembamba, zinang'aa kama kioo. Muuzaji akanishauri nichukue mzito, nyembamba zinapinda na moto. Nikamwambia mimi nataka unaong'aa. Akataka kipimo. Nikamtolea kile nilichopimia jiko. Akakivuta, akakiachia, akaniuliza kwa upole kama nimepimia mpira wa sketi. Nikamwambia ndio uliokuwa karibu. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikanuna. Nikauvuta mwenyewe mpaka nilipoona panatosha, nikanunua.

Jumatano, 6 Machi

Wavu umetumbukia. Nimeuweka juu ya jiko, ukapita moja kwa moja, ukalala kwenye majivu. Mume wangu kasema afadhali, nyama itaiva haraka.

Ningekwenda kwa Cheche, fundi wa kuchomelea hapo kona. Lakini mwezi uliopita niliwaambia watu kwenye foleni ya maji kwamba mageti yake yanaanguka yenyewe. Yakamfikia. Mdomo huu!

Alhamisi, 7 Machi

Wazo! Rafu ya friji. Inakaa juu ya jiko kama imezaliwa hapo. Nikawasha mkaa, nikaweka kitunguu cha majaribio. Kumbe zile waya zimevikwa plastiki. Zikatoka jasho, zikaanza kudondoka. Moshi mweusi! Jirani akauliza kupitia ukutani kama nachoma kiatu. Friji imebaki na rafu moja, masufuria yamepandana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwangukia Cheche. Kaniuliza kama siogopi wavu wake utaanguka wenyewe. Nikaangalia viatu vyangu. Akapima jiko kwa futi ya chuma, akakata, akachomelea, umekaa sawasawa. Akasema ningemletea ule wa zamani angeunyoosha kwa nyundo tu, dakika tano. Leo sitalala vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Dada kaja. Kaupitisha mkono juu ya wavu, taratibu. Akaniuliza ule mwingine uko wapi. Nikaanza kwamba umeibiwa, nikaona macho yake, nikasema kweli. Beseni na yote.

Akasema, "Aliukalia baba ule. Siku ya harusi yangu. Umesahau?"

Nikakumbuka. Baba, Mungu amrehemu, na suruali yake nyeupe. Alidhani ni kigoda. Akacheza muziki siku nzima na mistari ya masizi makalioni, hakuna aliyemwambia. Tulicheka sisi wawili mpaka tukashikana. Mimi nimekwenda kuubadilisha kwa beseni.

Nikakimbia kwa mnunuzi. Gari la chuma limeondoka juzi. Niliporudi dada alikuwa anachoma nyama, amenipa mgongo. Akaniwekea kipande kikubwa kwenye sahani. Ningependa angenitukana.

Jumapili, 10 Machi

Dada kalala kwetu, bado yumo chumbani. Usiku kucha nawaza nimfutie vipi machungu yale. Nimepata! Birika lake analosafiri nalo kila mahali, jeusi, mfuniko haufungi, mkono umefungwa kamba. Aibu tupu. Na mnunuzi kapita asubuhi hii na birika jipya linapiga mluzi! Nimeshabadilishana, nimelificha chini ya kitanda. Akiliona atalia kwa fur

Dada ananiita. Anauliza birika la mama nimeliweka wapi.